Linachemsha Likiwa Wapi?

Kwa muda wa miezi minane gari langu halikunipa tabu yoyote ndani ya jiji la Mbeya. Lilikwenda sokoni Mwanjelwa, lilipanda hadi Forest, lilisimama kwenye foleni ya Mafiati jioni huku jua likinichoma usoni, na mshale wa joto haukutikisika. Lakini kila nilipolipeleka Tukuyu kumwona mama na kulirudisha likiwa na mzigo wa ndizi, lilichemsha palepale, baada ya kuiacha Kiwira, barabara inapoanza kuupanda mlima wa Isyonje bila kupumzika. Ni Toyota Corolla, ile ambayo mafundi wetu huiita 110, ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A ya ujazo wa lita 1.5 na gia za mkono, nami nililinunua kwa mtu aliyekuwa akiishi upande wa Mbalizi. Naandika habari zake kwa kirefu kwa kuwa nililipia matengenezo mawili yasiyohitajika na nikaponea chupuchupu la tatu, na kosa halikuwa la mafundi peke yao.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, tukiwa watu wanne ndani na mikungu mitatu kwenye buti. Mshale ulipanda taratibu, ukavuka nusu, ukaikaribia alama nyekundu, kisha ghafla ukashuka. Nilifurahi. Nilimwambia shemeji yangu, aliyekuwa amekaa mbele, kwamba injini imejipoza yenyewe, nikaendelea kukanyaga mafuta kwa dakika mbili nyingine hadi mvuke ulipoanza kutoka kwenye kingo za boneti. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kile kidude cha kupimia joto hupima maji yanayokigusa. Maji yakipungua na kukiacha kikavu, kinaweza kutoa habari ya uongo, na mshale ukateremka wakati ambapo injini iko hatarini kuliko muda wote uliotangulia. Zile dakika mbili za furaha hunitia aibu hadi leo.

Tuliposimama, shemeji alishuka na kitambaa mkononi akaufungua mfuniko wa rejeta kabla sijawahi kumzuia, na maji yakamrukia hadi kwenye kifundo cha mkono. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo huweza kufika nyuzi zaidi ya 100 yakabaki kuwa maji, lakini ukiliachia shinikizo hilo, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kusukuma mengine yote nje. Alipona, ingawa alama anayo. Tulikaa kando ya barabara karibu saa nzima, na mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi akatupatia ndoo ya maji. Nashukuru kwamba tulichelewa kuyatia, kwa sababu silinda hedi ya injini ile ni ya aluminiamu na imekaa juu ya bloku ya chuma, na maji ya baridi ya mlimani yakimwagwa kwa pupa kwenye hedi iliyoiva yanaweza kuipinda au kuipasua. Siku hiyo sikulijua hilo. Nilikuwa nimesubiri kwa hofu tu.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu wa mjini. Alinisikiliza kwa muda usiozidi dakika moja, akachukua spana, akaitoa themostati na kunikabidhi mkononi kama daktari anayemkabidhi mgonjwa jino lake. Alisema, “Mwalimu, hiki ni kifaa cha nchi za baridi, huku Afrika hakina kazi.” Kauli hii nimeisikia tena kwa watu wengi, na nashangaa inavyosemwa bila wasiwasi hata hapa Mbeya, mji ulio juu kiasi cha mita 1,700, ambako asubuhi za Juni na Julai watu huota moto wa mkaa kabla ya kutoka nyumbani. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto linaloifaa, kisha kuyaachia kwa kipimo. Ya kwangu ilikuwa imegongwa namba 82, maana yake huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na hutakiwa kuwa imefunguka kikamilifu zikifika 95.

Baada ya kutolewa, injini yangu haikupata joto tena mjini. Mshale ulilala chini, hewa ya kupasha miguu ikawa ya uvuguvugu, na petroli ikaanza kwenda kwa kasi ambayo sikuielewa. Mlimani Isyonje lilichemsha kama kawaida yake, ila lilichelewa kidogo, labda kwa kilomita moja. Kijana alinieleza kwamba kuchelewa huko ni dalili njema. Kwa kweli ilikuwa dalili ya jambo jingine kabisa, kwamba maji yalianza safari yakiwa ya baridi zaidi na hivyo yalihitaji muda mrefu zaidi kuiva. Isitoshe, katika injini nyingi themostati ndiyo pia inayoiziba njia ya mkato ambayo maji hupita kurudi kwenye injini bila kupitia rejeta; ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na unaweza kuongeza joto badala ya kulipunguza.

Fundi wa pili alibadilisha pampu ya maji. Hoja yake ilikuwa kwamba alichungulia kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa inaunguruma, na hakuona maji yakikimbia. Sina mengi ya kusema hapa. Pampu ya zamani niliomba nipewe, na nilipoitazama nyumbani mapanga yake yalikuwa mazima, mhimili wake haukuwa na mchezo, na kile kitundu cha chini ambacho huvujisha maji pampu inapochoka kilikuwa kikavu. Nilipaswa kuitazama kabla ya kulipa.

Jambo la tatu ndilo lililokaribia kunifilisi. Mwezi wa Julai, fundi yuleyule wa pili alifungua kifuniko cha oili juu ya injini, akakigeuza, akanionyesha povu zito la rangi ya maziwa, akatikisa kichwa kwa huzuni. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekufa, akasema, maji yanaingia kwenye oili. Alitaja gharama ya kufungua injini, kuipeleka hedi kwenye karakana ya mashine ikasawazishwe, na kununua gasketi seti nzima. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ni mwezi gani ningeweza kumudu deni hilo, mwalimu mwenzangu aliponishauri kwamba kabla injini haijafunguliwa nimwone mzee mmoja wa Uyole, anayefanya kazi chini ya mti wa mparachichi, hana bango wala simu ya kueleweka.

Mzee hakugusa boneti. Aliniambia nikae kwenye tairi, akaniuliza, “Mwalimu, linachemsha likiwa wapi?”

Nikamjibu kwamba linachemsha sana. Akarudia kwa upole, kama mtu anayezungumza na mwanafunzi mzito, kwamba hakuuliza kiasi, ameuliza mahali. Likiwa limesimama kwenye foleni au likiwa linakimbia? Asubuhi linapowashwa, au baada ya mwendo mrefu? Mlimani au tambarare? Likiwa tupu au na mzigo? Na baada ya kuchemsha, maji yaliyopungua yanakwenda wapi, chini ya gari, kwenye chupa ya akiba, au yanatoweka bila kuonekana? Nilijibu moja baada ya jingine, na nikiwa katikati ya majibu yangu niliona aibu, kwa sababu habari zote hizo nilikuwa nazo tangu Aprili. Mafundi wawili walikuwa wamenipigia ramli, nami nilikuwa nimekaa kando na majibu mfukoni.

Alivyonieleza, kila jibu hufunga milango kadhaa. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia lina tatizo la hewa, nayo hewa ya gari lililosimama huletwa na feni. Utazame feni, swichi yake, fyuzi na nyaya zake, usihangaike na pampu. Gari linalochemsha mapema, dakika chache baada ya kuwashwa, huku mpira wa juu wa rejeta ukiwa bado wa baridi, huenda themostati yake imegoma kufunguka. Linalopandisha joto bila mpangilio, likatoa moshi mweupe na kupoteza maji ambayo hayaonekani popote, ndilo la kushukiwa gasketi. Langu lilivumilia foleni, lilivumilia tambarare ya kwenda Mbalizi, likashindwa mahali ambapo injini hufanya kazi nzito kwa muda mrefu mfululizo. Hilo ni gari ambalo uwezo wake wa kutoa joto umepungua. Likiwa na kazi ndogo, uwezo uliobaki unatosha. Likipewa mlima, abiria na ndizi, hautoshi.

Ndipo akaniuliza kama nyumbani kwetu maharage huchelewa kuiva. Nilicheka, kwa maana kila mtu wa nyanda hizi anajua kwamba maharage ya Mbeya hula mkaa kuliko ya Dar es Salaam. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Hapa mjini huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kule Isyonje, ambako barabara hupita mita 2,000, hata hizo hayafiki. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta, ambao hufanya kazi ileile ya mfuniko wa sufuria ya presha. Wa Corolla huandikwa 0.9, ambacho ni kipimo cha shinikizo, na ukishikilia shinikizo hilo, maji ya Mbeya hayachemki hadi yavuke nyuzi 110. Mfuniko uliochoka ukiacha shinikizo litoroke, unabaki na sufuria iliyo wazi, inayochemka kwenye nyuzi 94, katika injini ambayo themostati yake haijafunguka kikamilifu na feni yake huwaka zikifika kama nyuzi 93. Tofauti ya nyuzi moja ndiyo yote unayobaki nayo. Mtu wa Tanga anaweza kutembea na mfuniko mbovu mwaka mzima asijue. Mtu wa Mbeya atajulishwa mlimani.

Mfuniko wangu aliutazama kwa sekunde chache. Mpira wake ulikuwa umekakamaa na kupasuka, na kile kivali kidogo cha katikati, kinachotakiwa kuyarudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa, kilikuwa kimeganda kwa kutu. Hiyo ndiyo sababu asubuhi kadhaa nilikuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama chupa iliyonyonywa, nikadhani ni uzee wa mpira. Hiyo pia ndiyo sababu chupa ya akiba ilikuwa imejaa hadi mdomoni wakati rejeta ina upungufu, nami nilikuwa nikiitazama chupa kila asubuhi na kuridhika.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akasema mfuniko mbovu unaeleza nusu ya kesi, kwa sababu ulieleza kwa nini maji yanachemka mapema, lakini haukueleza kwa nini mshale ulipanda. Kuhusu gasketi alifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa na mtu yeyote tangu mwanzo. Alfajiri ya siku iliyofuata, injini ikiwa ya baridi kabisa, alijaza rejeta hadi mdomoni, akaacha mfuniko wazi, akawasha. Gesi ya mlipuko ikivuja kupitia gasketi, mapovu hutokea humo mfululizo na hayaishi. Tulitazama kwa dakika kadhaa. Yalitoka mawili matatu ya hewa iliyobaki, kisha maji yakatulia. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, nacho kilikuwa safi, oili nyeusi ya kawaida isiyo na ukungu. Lile povu, akasema, ni jasho. Injini isiyopata joto, inayosafiri safari fupi katika baridi ya Julai, hupata unyevu ndani yake, na unyevu huo hupanda hadi kwenye kifuniko, sehemu ya baridi kuliko zote, ukachanganyika na oili. Kwa nini injini yangu haikuwa ikipata joto? Kwa sababu ilikuwa imetolewa themostati. Tiba ya kwanza ilikuwa imezaa dalili mpya, na kwa dalili hiyo nilikuwa karibu kuifungua injini iliyokuwa nzima.

Nilimletea themostati yangu ya zamani, ambayo mke wangu alikuwa amenizuia kuitupa. Aliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa ili isiguse chini, tukangoja. Ilifunguka, lakini maji yalipochemka ilikuwa bado haijafunguka yote. Nikasema imekufa. Mzee akanitazama mpaka nikajirudi mwenyewe: maji ya sufuria iliyo wazi hapa kwetu hayawezi kufika nyuzi 95, basi ningeitakaje themostati ifike mwisho wake humo? Nadhani ndilo jambo lililonifurahisha kuliko yote katika mkasa huu, ingawa halikunipunguzia hata shilingi. Themostati ilikuwa nzima tangu siku ilipotolewa.

Ugonjwa wenyewe aliupata kwa kiganja. Tuliifunga themostati, tukalipeleka gari hadi Igawilo na kurudi, akazima, akachomoa ufunguo na kuuweka mfukoni mwake, kwa sababu feni ya umeme haina adabu na inaweza kuanza kuzunguka vidole vikiwa hapo. Kisha akapitisha mkono polepole upande wa nyuma wa rejeta, akaniambia nami nipitishe. Katika rejeta hii vijibomba vya maji hushuka kutoka tangi la juu hadi la chini, na nilivihisi vizuri: mstari wa moto, mstari wa moto, halafu upana wa vidole vitatu uliopoa, moto tena, kisha pembe nzima ya kushoto ambayo ningeweza kuiegemeza shavu. Mahali palipopoa ndipo maji yasipopita. Karibu theluthi ya rejeta ilikuwa pambo.

Alikunjua meno ya aluminiamu yanayolishika tangi la plastiki, akalifungua, tukaona ndani. Kulikuwa na kutu iliyokauka, ukoko mweupe kama ule wa kwenye birika, na kati yake chembe za rangi ya fedha ambazo alizitambua mara moja kuwa dawa ya unga ya kuzibia matobo. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amevujiwa, akamwaga unga badala ya kutengeneza, na unga haukubagua tobo na kijibomba. Kuhusu ukoko, upande wa Songwe, jirani na Mbalizi alikoishi mtu huyo, ndiko yanakochimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, na aliyewahi kuishi huko anajua maji ya kisima yanavyoacha alama kwenye sufuria. Gari lile lilikuwa limenyweshwa maji hayo miaka sijui mingapi. Kulanti, yale maji ya dawa ya kutia kwenye rejeta, kwa watu wetu huonekana kama anasa ya wanaoogopa barafu, wakati kazi yake kubwa huku ni kuzuia kutu na kukipandisha kidogo kiwango cha kuchemka.

Niliuliza kama vijibomba vinaweza kuzibuliwa kwa waya kama zinavyozibuliwa rejeta za shaba za malori. Akasema vya aluminiamu ni vyembamba mno, na nikivisukasuka nitajiletea matobo mapya ambayo nitashawishika kuyamwagia unga. Nikanunua rejeta mpya, mfuniko wa 0.9 na kulanti, na kwa bahati nikanunua pia mipira miwili, maana ya zamani ilikuwa laini kama mkate uliolowa. Kazi yenyewe haikuzidi saa tatu, na sehemu kubwa ilikuwa ya kutoa hewa. Aliegesha gari pua ikiwa juu kwenye kilima cha karibu, akafungulia joto la ndani hadi mwisho, akajaza kidogokidogo huku akiubinyabinya mpira wa juu, hadi hewa ya kupasha miguu ilipotoka moto kweli. Hewa hiyo, alinieleza, ni shahidi mzuri: mshale ukiwa juu na hewa ya ndani ikiwa baridi, maji hayapo au hayazunguki. Nayo ni msaada njiani, kwa kuwa kile kinachopasha miguu ni rejeta ndogo ya ziada. Joto likianza kupanda mlimani, ifungulie yote, fungua vioo, jasho likutoke, na urudi gia moja chini ili injini isihangaike kwa mizunguko michache huku pampu nayo ikizunguka kivivu.

Alinitoza fedha kidogo kuliko bei ya ile pampu. Nilimwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mzee wangu, naye akaniuliza kama sasa nitaweka tena maji ya kisima.

Jumapili iliyofuata nilitoka Tukuyu na mikungu minne, makusudi, na shemeji akakaa mbele na kitambaa chake kwa mzaha. Kuanzia Kiwira nilishika gia ya tatu na kuishikilia. Mshale ulisimama chini kidogo ya nusu, ukabaki hapo hadi Isyonje, ambako niliegesha karibu na njia panda ya kwenda Kitulo nikaiacha injini ikiunguruma. Baada ya dakika chache feni iliwaka, ikavuma kwa muda, ikajizima. Tulikaa pale kwenye baridi tukiisikiliza iwake mara ya pili.